Land Rover la zamani likichemsha: kufungua, kulehemu na kurudisha rejeta, hapa Tanga

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, ni kona juu ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, na rejeta mbovu hujitangaza kwenye zile kona za kabla ya Soni. Hapa mjini Tanga unaweza kuendesha mwaka mzima usijue kitu. Chumbageni hadi Raskazone ni tambarare, upepo wa bahari unapuliza, mshale wa joto umetulia. Panda Soni kwa gia ya pili, watu sita ndani na magunia mawili nyuma, ndipo utaujua ukweli. Mimi ulinikuta huko na Land Rover Series III aliloniachia baba mdogo, gari lililoanza maisha yake kwenye mashamba ya mkonge. Nilikaa kando ya barabara saa nzima nikisubiri lipoe, nikaongeza maji, nikashuka taratibu hadi Mombo.

Niliporudi mjini nikaamua kuishughulikia rejeta ile kwa mikono yangu, nikisaidiwa na mzee mmoja fundi bati wa Ngamiani ambaye amelehemu rejeta tangu ujana wake. Haya ninayoyaandika ndiyo aliyonifundisha, pamoja na niliyojifunza baadaye nilipofanya kazi hiyo hiyo kwenye magari ya marafiki.

Mwongozo huu ni wa rejeta za shaba, zile za Land Rover za Series, Peugeot 504, Datsun na Toyota za miaka ya 1960 na 1970. Tangi la juu na la chini ni shaba ya njano, mirija ya kati kwa kawaida nayo ni shaba ya njano, mapezi (vile vibati vyembamba kati ya mirija) ni shaba, na vyote vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu. Kilichoshikwa kwa risasi huachia kwa moto na kushikwa tena, ndiyo maana rejeta ya namna hii inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya mara nyingi. Rejeta za siku hizi, zenye matangi ya plastiki na kati ya alumini, hazina bahati hiyo. Huwa naumia sana kuona mtu anaipima kilo rejeta ya shaba kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kisha anarudi nyumbani na ya plastiki.

Hakikisha kwanza mgonjwa ni rejeta

Kuchemsha kuna sababu nyingi, na nyingi kati yake ni rahisi kuliko rejeta. Anza asubuhi gari likiwa limepoa kabisa. Usifungue mfuniko gari likiwa la moto hata kama una haraka kiasi gani. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo hugeuka mvuke papo hapo ukilegeza mfuniko, yakarukia uso na mikono. Kipimo changu ni mpira wa juu: nikiweza kuukamata kwa kiganja na kuushikilia bila kuachia, ndipo nafungua.

Angalia mfuniko wenyewe. Wa Series III umepigwa namba 9, yaani pauni 9 kwa inchi ya mraba. Shinikizo hilo dogo linasogeza kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi kama nyuzi 114 usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo mfuniko uliochoka hautakusumbua mjini Tanga, lakini mlimani utakuaibisha ingawa rejeta ni nzima. Raba yake ikiwa imekauka, imepasuka au ina mfereji uliochimbwa na shingo ya rejeta, nunua mwingine wenye namba ile ile. Usiweke wa namba kubwa ukidhani unaongeza nguvu. Shinikizo litatafuta sehemu dhaifu ya kutokea, na kwenye gari la umri huu sehemu dhaifu hazikosekani.

Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita 1 hivi, ukaze.

Thamostati, ile vali inayoyaachia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto, itoe uining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, na kipimajoto pembeni, bila kugusa kitako cha sufuria. Washa moto, uangalie inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba imepigwa kwenye shaba yake. Isipofunguka, au ikifunguka kidogo tu, imekufa. Hapa nina ugomvi na mafundi wengi wa barabarani, ambao dawa yao ya kila gari linalochemsha ni kuitoa thamostati na kuitupa. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi siku zote hula mafuta, na unyevu hubaki kwenye oili. Zaidi ya hapo, injini yenye mpira mfupi wa baipasi, unaorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, kama hii ya Land Rover ya lita 2.25, inahitaji thamostati ya aina iliyoundiwa. Ukiiondoa, sehemu ya maji itazunguka humo humo kwenye injini bila kufika kwenye rejeta.

Kisha chunguza gasketi ya silinda hedi. Jaza maji hadi shingoni, acha mfuniko wazi, mwambie mtu awashe injini ikiwa baridi. Mapovu machache ya mwanzo si kitu. Mapovu yanayotoka mfululizo, yakiongezeka kila ukikanyaga mafuta, ni moshi wa injini unaopenya kwenye maji. Vuta na kijiti cha oili: ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, una kazi ya hedi mbele yako, na rejeta haina kosa.

Vyote hivyo vikiwa salama, ipime rejeta kwa kiganja. Washa gari hadi lipate moto vizuri, zima kabisa, ngoja feni isimame, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Joto linatakiwa lipungue taratibu unavyoshuka. Ukikuta doa lililo baridi, mirija ya hapo imeziba. Yangu ilikuwa na doa kubwa, karibu theluthi nzima ya upande mmoja, vuguvugu tu wakati pembeni yake mkono haukai.

Usisahau uso wa nje. Gari lililolala miaka kwenye shamba la mkonge hubeba nyuzi, mbegu za nyasi, panzi na tope jekundu kati ya mapezi, na hewa haipiti. Lioshe kwa mpira wa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine ya kuoshea magari iache, inalaza mapezi. Yaliyolala yainue moja moja kwa kisu butu, kwa subira. Nimewahi kuona gari likipona kwa usafi huo tu.

Kumwaga maji na kuitoa

Weka karai chini. Maji ya rejeta usiyaachie yamwagike mtaroni au uani, hasa kama yana kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa glaikoli ya ethilini, yenye ladha tamu na sumu kali. Mbuzi, paka na watoto wanaionja. Ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko, uandike juu yake.

Fungua plagi ya chini ya rejeta, kisha ile ya bloku ya injini ubavuni. Hii ya bloku ndiyo watu huisahau, na wakishaifungua haitoki kitu, wanadhani bloku ni tupu. Si tupu. Tundu limezibwa na kutu. Chokonoa kwa waya mpaka maji yatoke, na tazama rangi yake. Yangu yalitoka mazito kama uji wa ulezi.

Chomoa waya wa betri. Boneti ya Series inatoka kirahisi: toa kile chuma kinachoishikilia, isimamishe wima, isukume pembeni itoke kwenye bawaba zake. Fanyeni wawili, na kama tairi la akiba limekaa juu ya boneti, litoe kwanza.

Kisha toa sho ya mbele, ule wavu ulio mbele ya rejeta, legeza klipu za mpira wa juu na wa chini, na ule mpira mwembamba wa kumwagia maji ya ziada. Mpira uliogandamana na bomba usiuvute kwa nguvu, utaling'oa bomba kwenye tangi. Upasue kwa kisu kwa urefu, hata hivyo unahitaji mpya. Toa kizuizi cha bati kinachozunguka feni.

Sasa kuna njia mbili. Wengine hufungua bolti za rejeta peke yake na kuichomoa juu. Mimi nafuata njia ya mzee wangu: toa paneli yote ya mbele na rejeta ikiwa ndani yake. Kuna bolti mbili kubwa chini zinazoishika kwenye chesisi, na bolti ndogo pembeni zinazoishika na madigadi. Kwenye Series III taa kubwa ziko kwenye madigadi, kwa hiyo paneli inatoka nyepesi. Yale ya zamani zaidi, yenye taa katikati karibu na sho, lazima utenganishe nyaya kwanza, na uzitie alama kwa vipande vya utepe kabla ya kuzichomoa.

Bolti hizi ndizo zitakazokula siku yako. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, bolti ni chuma, na upepo wetu una chumvi. Vyuma viwili tofauti vikikutana na maji ya chumvi, kimoja kinamla mwenzake na kuacha unga mweupe unaoshika kama saruji. Nyunyiza mafuta ya kulainishia jana yake, rudia usiku, kisha asubuhi jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ile inayokataa usiikatie hasira. Ipashe moto kidogo, ama ikate kwa msumeno wa chuma. Bolti mpya ni pesa ndogo kuliko madigadi yaliyochanika.

Ukishaitoa, ilaze rejeta kwenye gunia, sio kwenye zege.

Kuipima ndani ya maji

Hapa jiji la baiskeli linatufaa. Unahitaji pampu ya baiskeli, vipande vya mpira wa ndani wa tairi, klipu, na pipa lililopasuliwa kati kwa urefu. Ziba bomba la juu na la chini kwa vipande vya mpira vilivyokazwa kwa klipu juu ya kizibo cha mbao. Kwenye kamrija kembamba ka shingoni funga kipande cha mpira chenye valvu ya baiskeli. Shingo yenyewe ifunge kwa kizibo kinachobana juu kabisa, kwa sababu mfuniko wa kawaida utaachia hewa kabla hujaona kitu.

Zamisha rejeta yote kwenye pipa, kisha pampu taratibu. Usivuke ile namba ya mfuniko. Pampu mbili tatu zinatosha, kwani tundu halihitaji shinikizo kubwa ili lijionyeshe. Ngoja maji yatulie. Utaona kamba ya mapovu madogo inapanda kutoka mahali pamoja, mara nyingi kwenye kona ambapo mrija unaingia tangini, au pale bomba linaposhikana na tangi. Weka alama kwa chaki ya nta au ncha ya msumari. Geuza upande wa pili, angalia tena. Mimi nilitegemea tundu moja, nikapata manne.

Kulehemu

Risasi haishiki kwenye uchafu. Ukikumbuka hilo tu, nusu ya kazi umeimaliza. Mara ya kwanza nilikwaruza rangi kidogo, nikapasha moto, risasi ikawa inajikusanya vitone na kudondoka kama maji kwenye jani la mgomba. Mzee akaniondolea chuma mkononi.

"Mwanangu, hiyo shaba hujaiona bado. Unaona rangi na kutu. Sugua mpaka ikucheke."

Basi sugua. Kwanza brashi ya waya, halafu msasa, mpaka shaba ing'ae rangi yake ya asili, na upana wa ulichosugua uzidi tundu kwa sentimita moja na nusu kila upande. Kama kuna gundi ya chuma, iondoe yote. Kwenye rejeta yangu gereji moja ilikuwa imepaka gundi ya kuchanganya juu ya ufa, juu yake rangi nyeusi, na nikaambiwa imelehemiwa. Ilikuwa kama kokoto iliyokaa juu ya kidonda, maji yakipita chini yake. Nilichukua saa nzima kuibandua.

Kisha dawa ya kulehemu. Mafundi bati wa zamani huitengeneza wenyewe kwa kuweka vipande vya zinki kwenye asidi ya chumvi mpaka mapovu yakome. Gesi inayotoka inashika moto na mvuke wake unauma mapafu, kwa hiyo kama unaweza kununua iliyotengenezwa tayari, nunua. Paka kwa brashi ndogo.

Risasi ya kulehemu iliyochanganywa bati na madini ya risasi kwa kiasi cha 60 kwa 40 huyeyuka karibu nyuzi 190. Ni joto dogo ukilinganisha na linaloyeyusha shaba yenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo: maungio mengine yote ya rejeta yameshikwa kwa risasi kama hiyo hiyo. Ukilegeza moto ovyo kutengeneza tundu moja, jirani zake watatu watafunguka. Ndiyo maana mzee anatumia kile chuma kizito chenye kichwa cha shaba kinachopashwa kwenye mkaa, badala ya moto wa gesi. Chuma kinapeleka joto mahali unapotaka tu. Maungio ya jirani anayafunika na vitambaa vilivyoloweshwa maji.

Pasha chuma mpaka moto unaokizunguka uanze kuonyesha kijani, chovya ncha kwenye dawa, igusishe risasi mpaka ncha ivae risasi ing'ae. Sasa iweke juu ya shaba na uiache hapo. Usiisuguesugue. Subiri shaba yenyewe ipate joto la kuyeyusha risasi, kisha gusisha fimbo ya risasi kwenye shaba, sio kwenye chuma. Utaiona inatanda yenyewe na kunyonywa kwenye ufa, ikang'aa kama fedha. Ondoa chuma, usiguse wala kutikisa rejeta mpaka ule mng'ao ubadilike kuwa mwepesi wa kijivu. Ukiitikisa kabla haijaganda, kiungo kitakuwa na chembechembe ndani na kitapasuka kwenye mashimo ya kwanza ya barabara ya vumbi.

Tundu kubwa lizibe kwa kibati cha shaba ulichokivika risasi kwanza upande wa chini. Mrija uliooza kabisa katikati ya mapezi, mahali ambapo chuma hakifiki, unazibwa juu na chini ndani ya matangi na kuachwa. Miwili mitatu ukiiziba rejeta haitajua. Ikizidi hapo, ni afadhali ubadilishe sehemu ya kati yote.

Ukimaliza, osha kwa maji yaliyochanganywa magadi. Dawa ya kulehemu ni asidi, ukiiacha itaendelea kuila shaba miezi ijayo. Rudi kwenye pipa, pampu tena. Fanya kazi hii nje, mbali na watoto, usitumie jiko la kupikia, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana risasi ni sumu inayojikusanya mwilini.

Mirija iliyoziba

Kama doa baridi ni dogo, jaribu kwanza kuondoa ukoko wa chokaa kwa asidi ya limau, ile ya unga. Gramu 50 kwa lita moja ya maji ya moto, ijaze rejeta ikiwa imelazwa juu ya gunia, iache saa mbili tatu. Utasikia inachemka kidogo ndani, ni chokaa inayogeuka gesi. Mwaga, suuza mara nyingi, suuza na maji ya magadi, suuza tena.

Haikutosha kwangu. Ilibidi mzee afungue tangi la juu. Hii sikushauri uifanye peke yako mara ya kwanza: anatembeza moto kwenye mshono wote huku akiinua tangi kwa bisibisi pana, kipande kwa kipande, mpaka linaachia. Ndani tulikuta safu za matundu ya mirija, nusu yake zimezibwa na ukoko wa njano. Mzee akakwangua kwa ukucha, akanusa, akanipa nami ninuse. Bizari. Kuna mtu miaka ya nyuma aliziba mvujo njiani kwa bizari na yai, na mchanganyiko ule ukaenda kukaa kwenye mirija ukaganda na chokaa. Tukapitisha vyuma bapa vyembamba kwenye kila mrija, mmoja baada ya mwingine, juu hadi chini, huku mtu anamwagia maji.

Ukiharibikiwa porini, yai linaweza kukufikisha nyumbani. Lakini likishakufikisha, mwaga na uoshe siku hiyo hiyo.

Lini uinunue nyingine

Mapezi yakisagika kwa kidole kama mkate mkavu, shaba imeliwa na chumvi, na hakuna kulehemu kutakakosaidia. Hapo una chaguo mbili. Kama matangi ni mazima, mwagize fundi aweke sehemu ya kati mpya kati ya matangi yako ya zamani. Sura ya gari inabaki ile ile na kila bolti inaingia mahali pake. Hii ndiyo naipendelea. Chaguo la pili ni rejeta nyingine nzima. Kabla hujatoa pesa, pima upana, urefu na unene wa sehemu ya kati, kipenyo cha mabomba na upande yalipo, na urefu wa shingo kutoka juu hadi pale raba ya mfuniko inapokaa. Shingo zinatofautiana, na mfuniko usiokaa vizuri hauzuii kitu. Iliyotumika ipime kwenye pipa mbele ya muuzaji. Za alumini ni nyepesi na zinapoza vizuri, ila zikitoboka hapa kwetu si kila fundi ataweza kuzichomea, na hazipendi maji mabaya hata kidogo.

Kabla ya kuirudisha

Injini isafishe kabla ya kuiwekea rejeta safi, la sivyo uji wote wa kutu utahamia kwenye mirija uliyohangaika nayo. Thamostati ikiwa imetolewa, ingiza mpira wa maji juu, yatokee kwa bomba la chini na kwenye tundu la bloku, mpaka yatoke meupe. Kisha geuza upande.

Tikisa feni mbele na nyuma. Ikicheza, bearing za pampu ya maji zimechoka, na tone la kutu chini ya pampu linasema hivyo hivyo. Ni wakati mzuri wa kuibadilisha, kwani hutapata nafasi kama hii tena. Mipira nunua yote mipya, pamoja na ule mfupi wa baipasi ambao ni mgumu kuufikia rejeta ikiwa mahali pake. Bushi za raba kati ya rejeta na paneli zikaguliwe. Kama hazipo, mtikisiko wote wa chesisi utakwenda kwenye maungio yako mapya.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, na bolti zote zipake grisi. Geuza feni kwa mkono mzunguko mzima, uhakikishe haigusi kizuizi wala rejeta.

Maji gani

Rejeta nyingi za hapa zinauawa na maji. Ukanda wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vya karibu na bahari hutoa maji yenye chokaa na chumvi. Ukiona sufuria yako ya chai ina ukoko mweupe, jua ukoko huo huo unajengeka kwenye mirija, tena haraka zaidi kwa sababu maji yanapashwa moto na kupoa kila siku. Baba mdogo alitumia maji ya kisima cha uani miaka yote, na mimi nikaendelea.

Sasa natumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri, nikihakikisha hayana asidi. Yakikosekana natumia maji ya mvua za masika, niliyokinga baada ya mvua ya kwanza kuliosha bati. Ya bomba ni ya tatu.

Na kulanti utie, ingawa Tanga hakuna barafu. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu kati ya chuma cha bloku na shaba ya rejeta. Theluthi moja ya kulanti kwa theluthi mbili za maji inatosha, kwani maji yanabeba joto vizuri kuliko glaikoli. Kwa gari lenye risasi na raba za zamani, chagua ile ya mtindo wa zamani yenye silikati, na ubadilishe kila miaka miwili. Usichague kwa rangi. Rangi ni ya kiwanda, kila mmoja na yake. Soma maandishi ya kwenye dumu.

Jaza polepole ili hewa itoke, huku ukiminya mpira wa juu kwa mkono. Ukifika kama sentimita 2 chini ya shingo, acha. Kama gari lako halina chupa ya akiba, ukijaza hadi juu litatapika tu. Washa mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa imefunguliwa. Thamostati ikifunguka maji yatashuka ghafla. Ongeza, kisha funga.

Majaribio

Safari ya kwanza iwe fupi: nenda Pongwe urudi, paki juu ya kartoni safi, uangalie asubuhi kama kuna tone. Kaza klipu zote mara moja, kwa kuwa mipira mipya hujilaza. Ya pili nenda Muheza, kama kilomita 35, ukirudi uangalie kipimo likiwa limepoa. Maji yakipungua mara moja ni hewa iliyotoka. Yakipungua mara ya tatu, rudi utafute mvujo.

Kisha chukua watu sita na magunia mawili, upande Soni. Mimi nilipanda Jumamosi ya mwezi uliofuata, gia ile ile ya pili, kona zile zile, na mshale ukasimama chini kidogo ya katikati mpaka Lushoto. Asubuhi yake, kwa baridi ya kule, nilifungua mfuniko. Maji yalikuwa pale pale, sentimita 2 chini ya shingo.